Kosta ya kulala, marafiki watano: Karatu, Mang'ola na Kolo

Njiro_5
Wakuu habarini. Tuko watano, tunatoka Arusha mwezi wa saba na Kosta iliyotolewa viti ikawekwa vitanda, jiko la gesi, friji ya volti 12 na tangi la maji la lita 200. Tuna siku sita: kreta ya Ngorongoro, Wahadzabe (jamii ya wawindaji) kule Mang'ola, kisha michoro ya kale ya miambani kule Kolo, Kondoa. Kosta itafika kote? Na tukague nini kabla ya safari?

Dereva_Kaskazini
Haitafika kote, msiilazimishe. Lami ni nzuri kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu hadi lango la Loduare la kuingia Ngorongoro. Baada ya hapo ni vumbi, na kreta hushukwa kwa gari la fowili (linalovuta kwa magurudumu yote manne) pekee. Iacheni Kosta Karatu kwenye kambi yenye mlinzi, mkodi Land Cruiser ya siku moja. Watano mnaenea vizuri. Malipo ya hifadhi ni kwa kontroli namba (namba ya malipo ya serikali), msitegemee noti langoni. Kibali ni cha saa 24. Kila mmoja abebe kitambulisho cha NIDA ili mtozwe bei ya wananchi.

Mang'ola ni karibu kilomita 50 za vumbi. Kiangazi Kosta inakwenda, ila polepole, maana mtikisiko hulegeza skrubu za makabati na kusugua waya mpaka zinapiga shoti. Jazeni mafuta Karatu. Kwenda Kolo msikatishe kupitia Mbulu: rudini Makuyuni, kata kulia, mshike lami ya Babati.

Fundi_Breki
Anzeni na breki. Mkirudi kutoka Karatu kuna mteremko mrefu wa kuingia Mto wa Mbu. Shukeni kwa gia ileile ambayo ingetumika kupandia. Ukikanyaga breki mfululizo, mafuta ya breki huchemka na pedali inazama hadi chini. Yaliyokaa miaka huwa yamevuta maji na huchemka mapema zaidi, kwa hiyo badilisheni yote. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni zipoe zenyewe. Kumwagia dramu ya breki maji kunaweza kuipasua.

Lita 200 za maji ni kilo 200. Panda na lita 60, jazeni Karatu.

Umeme: friji ya namna hiyo hula kama ampia 4 ikiwaka, na huwaka karibu nusu ya muda, yaani takribani Ah (ampia-saa) 48 kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, hivyo hiyo ni ya siku moja tu. Wekeni mbili, au sola. Na kama gari lenu ni la volti 24, tafadhali msichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili za injini: hiyo inabaki na njaa, mwenzake anachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa.

Mama_Rhotia
Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: msiingize jiko la mkaa ndani ya gari kuota moto usiku, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Julai Karatu ni baridi kweli, na hewa ya mkaa haina harufu. Inaua watu usingizini. Bebeni mablanketi mazito. Mpira wa gesi upakeni povu la sabuni kila mnapofika kambini. Mpira ukitoa mapovu, gesi inavuja, fungeni mtungi.

Mang'ola chukueni mwongoza wageni wa hapohapo, mwondoke kabla ya jua, kwani Wahadzabe huenda kuwinda mapema. Ombeni ruhusa kabla ya picha, na msipeleke pombe. Wafua chuma wa Kidatoga wako jirani, wapitieni pia.

Kolo, lipeni ofisi ya mambo ya kale iliyopo kijijini, mpewe mwongozaji. Kosta ibaki hapo; njia ya kupanda ina mawe, na mwisho wake ni miguu. Michoro msiiguse wala kuirushia maji ili rangi ing'ae, maana inafutika. Ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006.

Njiro_5
Asanteni sana. Siku tuzigawe vipi?

Dereva_Kaskazini
Ya kwanza Karatu, ya pili kreta, ya tatu mlale Mang'ola. Ya nne Wahadzabe alfajiri, mchana mrudi Karatu. Ya tano nzima ni barabara hadi Kolo, ya sita michoro asubuhi na saa sita mchana muwe mmeanza kurudi Arusha.