Wakuu, bimu ya zege inanipa jibu tofauti kila nikipunguza meshi

Habari za jioni wadau. Niko kwenye tasnifu ya masters. Nasimuleti bimu ya zege isiyo na nondo, ina mkato chini katikati, inakandamizwa kwa juu mpaka ufa upande. Elementi (vipande vidogo ambavyo meshi inaigawa bimu) za mm 20 zilinipa grafu nzuri, nikafurahi. Kushuka mm 10, mzigo wa juu kabisa ukapungua. Mm 5 ukapungua tena, na bimu inakatika kama chaki. Grafu ya stresi (nguvu kwa eneo) na streini (kiasi cha kurefuka) ni ileile kote. Nimpelekee msimamizi jibu lipi?

Fundi Zege: Hakuna hata moja mkuu, na kosa ni hiyo "ileile". Zege likishapasuka, ufa wote unajibana kwenye safu moja ya elementi. Ukiikonda safu, nishati ya kuvunja inakonda nayo. Hillerborg na wenzake kule Sweden, 1976, walifunga hesabu kwenye upana wa ufa badala ya streini. Bažant na Oh wakaleta ukanda wa ufa mwaka 1983, yaani ufa unahesabiwa kama ukanda wenye upana wa elementi. Zege lako daraja gani?

Muuliza: C25/30.

Fundi Zege: Basi chukua nishati ya kuvunja ya N/mm 0.137 na uwezo wa kuvutwa MPa 2.6. Stresi ikishuka kwa mstari ulionyooka, ufa unaacha kubeba ukifika 2 × 0.137 ÷ 2.6, kama mm 0.105. Gawa kwa ukubwa wa elementi: mm 20 streini ya mwisho ni 0.0053, mm 5 ni 0.021. Kila meshi na grafu yake.

Kijana wa Site: Si ahamie tu XFEM, ile njia inayoruhusu ufa ndani ya elementi?

Fundi Zege: Itamsaidia ufa ukipinda, maana unapita katikati ya elementi bila kuchora meshi upya. Ila nishati ataiweka vilevile. Ufa wake unapanda wima, asijitese.

Muuliza: Mkuu, mm 10 na mm 5 sasa zinakaribia kulaliana! Ila programu inagoma mara tu baada ya kilele.

Mama Maabara: Unaongeza mzigo hatua kwa hatua, sio? Baada ya kilele bimu haiwezi kubeba zaidi, programu itapata wapi jibu? Endesha kwa upana wa mdomo wa mkato. Hata sisi maabara tunabandika kipimo pale pale mdomoni. Ukisukuma kwa mzigo unaokota vipande tu.

Muuliza: Asante mama. Nimebadilisha, imeshapita kilele na mkia unashuka taratibu. Naiacha ikimbie usiku, umeme usikatike tu.