Mjadala: Je, mzazi naye ashtakiwe mtoto anapopelekwa mjini na dalali?

Hoja ninayoileta hapa inasikika sana Dodoma siku hizi: kwamba vita dhidi ya usafirishaji haramu wa watoto haitafanikiwa mpaka mzazi naye apandishwe kizimbani pamoja na dalali. Wanaoitetea wanasema, na hawasemi bila sababu, kwamba dalali haingii kijiji cha Bahi, Chamwino au Mpwapwa akaondoka na binti wa miaka kumi na minne bila baba, mama au mjomba kuridhia. Mimi naipinga, na naamini tunamwacha nje mtu aliyestahili kutajwa kwanza.

Tuangalie jinsi mambo yanavyokwenda. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na aliyeshindwa kuendelea anabaki nyumbani wakati ambao chakula kinaanza kupungua ghalani, kwa kuwa mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua na mavuno yapo mbali. Hapo ndipo dalali anapobisha hodi, na mara nyingi ni mtu anayefahamika, pengine mwanamke wa kijiji hicho hicho aliyewahi kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Anaahidi mshahara wa kila mwezi na kusomeshwa ushonaji. Binti anapanda basi na begi lake la shangazi kaja, nauli imekwisha kutumwa kwa simu, na akifika anaambiwa kwamba mishahara ya miezi ya mwanzo itakatwa kufidia nauli hiyo pamoja na malipo ya dalali. Mama aliridhia kazi yenye ujira. Hakuridhia deni, wala binti yake kuosha vyombo saa tano usiku, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Ni nani aliyetuma nauli? Ni bosi, yaani mwenye nyumba, na huyo katika mjadala huu hatajwi kabisa. Itifaki ya Palermo, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2006, haiishii kwa anayesafirisha. Inamgusa pia anayempokea na kumhifadhi mtu kwa lengo la kumtumikisha, na kwa aliye chini ya miaka 18 haihitaji hata kuthibitisha kwamba alidanganywa au alilazimishwa. Kimya hiki nadhani kina sababu. Tangu Serikali ihamie hapa mji umepanuka, na nyumba mpya za Nzuguni, Ilazo na Iyumbu nazo zinatafuta wasichana wa kazi. Dodoma si mahali wanapotolewa watoto tu, ni mahali wanapopokelewa pia, na baadhi yetu tunaojadili jambo hili ndio tunaowapokea.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 ilirekebishwa mwaka 2022 ili aliyetiwa hatiani asiweze tena kulipa faini na kukwepa kifungo. Ni hatua nzuri, naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kifungo kinahitaji ushahidi, na shahidi wa kwanza ni mzazi: ndiye anayelijua jina la dalali, ndiye mwenye namba yake ya simu, ndiye anayekumbuka alichoahidiwa. Tukimtisha kwa kesi, hatafika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wala hatapiga namba 116 ya msaada kwa watoto, na shauri litamalizwa kifamilia kama kawaida. Mzazi aliyepokea fedha huku akijua mtoto anakwenda kuteswa ni suala jingine. Huyo sheria iliyopo inamtosha.

Upande wa msaada kwa waathirika ndio unaoniumiza zaidi. Nyumba salama nyingi zinaendeshwa na mashirika na taasisi za dini, wakati sheria hiyo hiyo ya 2008 iliunda mfuko wa kuwasaidia. Binti akiokolewa anapewa nauli, anarudi kwenye nyumba ile ile, ghala lile lile tupu, na dalali yule yule anapita njia ile ile. Ningependa kila anayerudishwa afuatane na afisa ustawi wa jamii, atembelewe tena baada ya hapo, na bosi alazimishwe kulipa mishahara aliyoizuia kabla hata kesi haijaisha.

Wanaotetea kumshtaki mzazi nawaomba wanijibu hili: binti akipatikana leo huku mama yake yuko mahabusu, afisa ustawi atamkabidhi kwa nani?