RX-8 ni cc 1300 kama IST yangu tu, mbona kila mtu ananitisha na mafuta?

kijana_wa_goba:
Wakuu habari za mihangaiko. Nina IST mwaka wa nne sasa, cc 1300, haijawahi kunisumbua zaidi ya bushi na shokapu, shida yangu ni kwamba kila nikisimama mahali mtu anafungua mlango wa nyuma anakaa halafu ananiambia twende Mwenge. Nimechoka kuonekana dereva wa Uber kwenye gari yangu mwenyewe.

Sasa kuna yadi moja nimeona Mazda RX-8 ya 2006, nyekundu, manyuo, namba D, jamaa anataka milioni 14 na inazungumzika. Nimeikalia ndani wakuu, ukikanyaga unasikia kabisa hii ni kitu nyingine. Nikaangalia kadi nikakuta cc 1308, yaani tofauti na IST ni cc 10. Kwahiyo mimi nimepiga hesabu hivi, mafuta yatakuwa kama ya IST au yazidi kidogo kwa sababu ya mguu wangu, bima 118,000, sevisi kila baada ya miezi mitatu, basi. Natoka Goba kwenda Posta na kurudi, kama km 50 kwa siku, na wikendi mizunguko ya hapa na pale.

Ila kila nikimwambia mtu anacheka. Fundi wangu kanambia "ukinunua hiyo usiniletee". Naombeni wenye uzoefu, ila wenye uzoefu kweli, sio wa kuambiwa na shemeji.

Mzee wa Spana:
Mkuu cc 1300 ya IST na cc 1300 ya hiyo ni kama kulinganisha kilo moja ya mchele na kilo moja ya dhahabu, uzito sawa ila usiende nazo duka moja.

Hiyo injini haina pistoni. Ndani kuna rota mbili za pembe tatu zinazunguka, kila moja imeandikwa cc 654, ukijumlisha ndo unapata hiyo 1308 ya kwenye kadi. Lakini injini ya IST ili silinda zote nne ziwake inabidi mzunguko wa shafti ukamilike mara mbili, hii ya rota ndani ya mizunguko hiyo hiyo miwili kila rota imeshawaka mara mbili. Yaani imekula hewa na mafuta kama injini ya cc 2600. Wajapani wenyewe wanalijua hilo, kwenye kodi yao ya mwaka injini ya rota wanazidisha cc kwa 1.5 ndo wanakutoza. Huku kwetu tunasoma kadi tunafurahi.

Sasa hesabu yako. Km 50 mara siku 22 ni 1,100, weka 300 za wikendi, jumla 1,400 kwa mwezi. Tuseme petroli 3,000 kwa lita maana EWURA wanabadilisha kila mwezi. IST ikikupa km 13 kwa lita unatumia kama 323,000. RX-8 kwenye foleni ikikupa km 6 umshukuru Mungu, hiyo ni lita 233, laki saba kamili. Kila mwezi. Na bado hujaongelea oili, kwa sababu hiyo injini inakunywa oili kwa makusudi, imetengenezwa iingize oili kidogo kidogo kwenye chumba cha kuwakia ili kulainisha sili za kwenye ncha za rota. Kwahiyo ukiona oili inapungua usiende kulalamika kwa fundi, ndo kazi yake hiyo. Unatakiwa uchomoe kijiti uangalie kila unapoweka mafuta, mara moja kwa miezi mitatu kama IST utaiua.

Dada Mkali:
Ngoja nivute kiti hapa na karanga zangu 😂

nilikuwanayo:
Mimi nilikuwa nayo miaka miwili, ya bluu, kwahiyo sijaambiwa na shemeji.

Kwanza nikwambie ukweli, sijawahi kuendesha gari tamu kama ile. Usukani unafikiria kona na yenyewe imeshakata. Mizunguko ya injini inapanda mpaka 9,000 kwa dakika huko na haitetemeki. Hiyo nakupa kwanza ili usije ukasema nina wivu.

Sasa siku moja Jumamosi asubuhi nikaiwasha nikaisogeza mita kama tatu hivi kuitoa kwenye matope niioshe, nikazima. Basi. Jioni nataka kutoka, haiwaki. Stata inazunguka weeee mpaka betri ikaisha, nikaita fundi akaleta betri yake nayo ikaisha, akaniambia pampu ya mafuta imekufa, tukanunua pampu. Haiwaki. Kumbe hizo injini ukiwasha ya baridi ukazima hapohapo mafuta yanabaki ndani plagi zinalowa, unatakiwa ukanyage akseleta mpaka chini ndo upige stata, hapo inakata mafuta inajikausha. Nililijua hilo baada ya siku tatu na pampu ambayo haikuhitajika. Mpaka leo gari lolote nikiliwasha siwezi kulizima kabla halijapata moto, hata la watu, wife ananishangaa.

Pili nilikosea mwenyewe. Nilikuwa naenda Moro, taa ya oili iliwaka Chalinze nikasema nitaongeza nikifika. Nadhani unaelewa iliishia wapi. Injini nzima ya kutoa kwenye gari lililoagizwa kama spea ilinigharimu karibu nusu ya bei ya gari na hakuna aliyenipa dhamana hata ya wiki.

Plagi ziko nne na sio aina moja, mbili za chini mbili za juu, fundi asiyejua anazichanganya. Koili nne pia, zikichoka mafuta hayawaki vizuri yanaenda kuungulia kwenye katalisti ya eksozi nayo inaziba. Tairi 225/45 rimu 18, moja unainunua kwa hela ambayo ungepata mbili za IST. Na wewe umesema unakaa Goba, Goba ipi? Maana kuna Goba ya lami na kuna Goba ya mashimo.

kijana_wa_goba:
Ya mashimo mkuu 😅 kama mita 600 hivi kutoka lami.

nilikuwanayo:
Basi weka na bampa la mbele kwenye bajeti.

Otis wa Nairobi:
Buda, huku kwetu hizo gari haziingii tena sababu ya sheria ya kukataa gari imepita miaka nane na walimaliza kuzitengeneza 2012, kwa hivyo zile unaona zikiuzwa zimezunguka kwa watu watano already. Kila mtu anauza akisema "niko na project ingine". Project gani, amechoka kupeleka pesa kwa maduka ya spea Kirinyaga Road! Ukiona sports car bei iko chini kuliko Fielder jiulize mwenye iko nayo anajua nini wewe hujui.

Mzee wa Spana:
Halafu kwenye bima nimesahau. 118,000 ni bima ndogo, hiyo inamlipa utakayemgonga, wewe unabaki na bati lako. Kwa gari ambayo taa moja ya mbele unaisaka mwezi mzima Ilala na Gerezani hupati, unataka bima kubwa. Hiyo ni 3.5% ya thamani, kwa milioni 14 ni 490,000, weka VAT 18% inafika 578,200. Na uulize kabisa kabla hujalipia gari kama watakubali kukatia gari ya umri huo.

kijana_wa_goba:
Daah. Na vipi kuhusu Toyota 86? Maana ile ni Toyota si ndiyo, spea zitakuwepo, na nikienda SACCOS wanaweza kunisogeza. Naona watu wanaagiza za 2013.

mama_wawili:
Naendesha 86 ya 2013, ya mume wangu ila naiendesha mimi kwa hiyo ni yangu. Nembo ni Toyota ila injini ni bapa ya Subaru, cc 2000 kamili za kweli. Ukiwa mpole inatoa km 10 kwa lita hata na foleni, kwa hesabu ya Mzee hapo juu ni 420,000 kwa mwezi. Ukiwa na mguu wa kijana wa Goba sijui. Kitabu chake kinataka petroli ya okteni ya juu kwa sababu kompresheni yake ni 12.5, usiende kujaza vituo vya vichochoroni ukaja kulia hapa. Oili ni 0W-20 na inaingia lita tano na ushee, sio galoni la lita nne la IST.

Plagi ndo kichekesho, kwa sababu injini imelala plagi zimeangalia pembeni kwenye mbavu za gari, mkono hauingii vizuri, ufundi unalipa kuliko plagi zenyewe. Na kama ni ya 2012 au 2013 peleka namba ya chasi uangalie kama iliguswa kwenye ule wito wa mwishoni mwa 2018 wa kurudisha magari yabadilishwe springi za valvu, kuzibadilisha inabidi injini ishuke kwenye gari. Ukiiona iliguswa uliza ilifanyiwa lini na imetembea kilomita ngapi tangu hapo.

Halafu ya kwako ya mashimo tafuta ile ya rimu 16, tairi 205/55, ina nyama kidogo. Wengi wanakimbilia ya rimu 17 kwa uzuri.

Siti za nyuma ni za mkoba. Wanangu wakishafika miaka saba waligoma.

Bei tu ndo itakayokutoa jasho, ukiagiza leo gari ya 2013 imeshavuka miaka kumi, juu ya ushuru wa forodha 25% na VAT kuna na ule wa uchakavu. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia mtu hata dola moja, na udai karatasi ya mnada, ukiona imeandikwa R au RA jua iligongwa ikarudishwa.

kijana_wa_goba:
Nimepiga. Nimefunga kompyuta nimeenda kunywa maji.

nilikuwanayo:
Kama bado roho iko kwenye RX-8 fanya jambo moja tu. Usiende na kipima kompresheni cha kawaida, kwenye rota kinakudanganya, kila rota ina nyuso tatu chenyewe kinakuonyesha ile nzuri kuliko zote. Nenda kaiendeshe mpaka ipate moto kabisa, nusu saa hivi, zima, subiri dakika kumi, washa. Ikiitika mara moja tuongee. Ikisuasua rudi nyumbani.

kijana_wa_goba:
Mrejesho wakuu. Nimeenda leo mchana. Nimeikuta jamaa ameshaiwasha tayari inaunguruma, nikamwambia hapana zima tuanze upya akanuna. Tukazunguka mpaka Tegeta tukarudi, joto la kutosha, wakuu ile sauti pale kwenye mizunguko 7,000 acheni tu. Nimezima pale nje ya yadi, nikamnunulia soda na mimi nikanywa. Dakika kumi na mbili. Nikapiga stata, ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka. Kimya.

Jamaa ananiambia ni betri, atanipunguzia laki mbili.

Dada Mkali:
Betri 😂😂😂

kijana_wa_goba:
Kuna mtu hapa anaijua Celica ya 2003? Nauliza tu.