Sila ya zege (kimiminika cha kupaka kulinda sakafu) imefanya mabaka meupe, niikwangue au kuna njia nyingine?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Juzi niliosha sakafu ya zege ya uani kwa mashine ya presha, ikatakata kama mpya. Kesho yake asubuhi niliiona kavu, nikapaka sila ya akriliki, ile ya thina si ya maji, mikono miwili, yaani nikarudia mara mbili. Sasa ina mabaka kama maziwa yaliyomwagika, hasa penye kivuli, na ukikwaruza kwa kucha inabanduka. Nahisi pupa imeniponza, maji yalikuwa bado ndani. Nimesugua kwa sabuni na brashi ngumu, wapi!

Je, nipitishe thina juu ilainike unyevu utoke, au nikwangue yote? Na nikirudia, zege likauke siku ngapi?