109 ya marehemu mzee, injini imekufa: ovahoo, 3L au 200Tdi?

MangiWaUru
Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Rover 109 (ile ndefu, inchi 109 ekseli hadi ekseli) ya marehemu mzee, iko Uru, imelala chini ya mparachichi tangu alipoanza kuumwa. Injini imekufa. Bodi iko vizuri, chesisi nimeigonga nyundo kote, pameoza kidogo tu kule nyuma kabisa. Nataka iwe barabarani kabla ya Desemba, ndugu hawajaanza kupanda kuja Krismasi.

Mezani kuna mambo matatu. Kufanya ovahoo injini yake; kuweka 3L, ile dizeli ya Toyota Hiace; au kuchukua 200Tdi, dizeli ya tabo ya Land Rover wenyewe, iliyotolewa kwenye Discovery, iko Arusha na mwenyewe anasema inawaka. Fundi wangu anasema 3L bila kufikiri, spea zipo mpaka Kiboriloni. Mjomba anasema nikiweka Toyota humo ndani nisiliegeshe mbele ya nyumba yake. Ipi?

SpanaKumiNaTatu
Mkuu umetuletea mgonjwa umemfunika shuka. "Imekufa" maana yake nini? Imeshika? Bloku imepasuka? Inakunywa oili? Au haiwaki tu? Petroli au dizeli? Ya mwaka gani? Ekseli ya nyuma ipi? Bajeti? Na itafanya kazi gani, kubeba ndizi au kwenda kanisani Jumapili?

ChaliiWaSakina
3L. Funga mada.

MangiWaUru
Samahani wakuu. Ni petroli, kadi inasema 1978. Haijashika, nikiizungusha kwa hendeli inazunguka. Ilikuwa inakosa nguvu, inatetema, inamaliza maji, mwisho ikagoma. Fundi alipima kompresheni akasema silinda mbili ziko chini sana. Ekseli sijui, ni ya Land Rover. Bajeti sitaji, mafundi wamo humu.

MzeeWaStesheni
Kijana, pole kwa kuondokewa na baba. Injini inayozunguka kwa hendeli haijafa. Hiyo ni 2,286 cc, na kwa 1978 krenki yake inakaa kwenye beringi tatu; ya beringi tano ilikuja 1980. Inachongeka, inakerezwa, na kamera yake inaendeshwa na cheni, si mkanda.

Swali langu ni moja: silinda mbili zipi? Kama zimefuatana, na ulisema inamaliza maji, gasketi ya hedi inaweza kuwa imeungua pale katikati na pumzi ya silinda moja inaingia kwa jirani. Kipimo chake ni rahisi. Pima kompresheni kavu, andika. Kisha mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha, pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ugonjwa uko juu, kwa maana ya valvu au gasketi. Fanya hivyo kwanza ndipo uje tujadili injini za watu wengine.

Ekseli: lala chini nyuma ya gari. Ukiona kichwa kikubwa chenye kifuniko cha bolti kinachokutazama wewe uliye nyuma, hiyo ni Salisbury. Kama nyuma ni laini na difu imefungwa kwa mbele, ni ya Rover.

DadaDizeli
Shikamoo mzee. Hayo ya gasketi sawa, lakini hata ikipona atabaki na farasi 70 hivi na kiu ya petroli. Mimi nasema 200Tdi. Ni 2,495 cc, ya Discovery inatoa farasi 111, na uzuri wake mkubwa ni kwamba inakubali gia boksi ya Series, yaani Land Rover za zamani kama hiyo yako, bila kutengenezewa sahani ya kati. Ni watoto wa familia moja. Kaka, unaishi mlimani huko, injini isiyo na tabo inapungua nguvu kadri unavyopanda. Ukitoka mjini kupanda Uru umebeba watu utaona tofauti.

Shida yake nakutajia mapema: kwenye Discovery tabo imekaa chini ubavuni, ukiiweka kwenye Series inagombana na chesisi. Tafuta manifoldi ya Defender 200Tdi, au ujiandae kuchonga. Usikubali wakate chesisi ya mzee.

ChaliiWaSakina
Dada hiyo manifoldi anaitoa wapi, Uingereza? 3L ni 2,779 cc, pampu ya kawaida, haina kompyuta, haina tabo ya kufa. Ukikwama Same saa tano usiku unapata mtu ana nozeli zake. 200Tdi ukikwama unapiga picha unaituma kwenye magrupu.

DadaDizeli
Nairobi, Kirinyaga Road. Asubuhi unapanda gari Arusha, unapita Namanga, jioni una mzigo. Na hiyo 3L ataifunga na nini? Gia boksi ya Hiace ya kawaida haina transfa, ile ya kugawa nguvu mbele na nyuma, kwa hiyo ama aweke ya Hilux ya 4x4 na propela mpya, ama akakereze sahani ya kuiunganisha na gia boksi ya Series. Sahani ikitoka nje ya senta kidogo tu, beringi ya shafti ya kuingilia inaanza kulia, na klachi zinaisha kila mara hujui kwa nini.

MireraniExpress
Wacha niwape yangu, mtanivumilia ni ndefu.

Nilikuwa na 109 ya zamani kuliko hiyo, ekseli ya Rover, napakia watu na mizigo Arusha–Mirerani wakati barabara bado vumbi. Injini ikachoka. Nikashauriwa 1HZ, ile ya Land Cruiser, silinda sita, 4,164 cc. Gereji moja hapa Arusha (sitaitaja) wakaniambia ni kazi ndogo, wameshafanya nyingi, nirudi mwisho wa mwezi.

Injini yenyewe sina neno nayo, mpaka leo ipo kwenye lori la jamaa inapiga kazi. Ila ni ndefu. Ile nafasi ilitengenezwa kwa silinda nne. Wenyewe Land Rover walipoweka V8 mwaka 1979 walisogeza grili mbele, na V8 ni fupi kuliko sita za mstari! Hawa jamaa walikata ubao wa mbele, wakasukuma rejeta, na bado kati ya feni na rejeta kilibaki kidole kimoja. Nikauliza, wakasema kinatosha. Barabara ya matuta ya kwanza, injini ikacheza kwenye maunti, feni ikaila rejeta. Mvuke mpaka kwenye kioo, abiria wakaruka wakidhani moto. Nikawarudishia. "Hilo ni barabara, bosi, si kazi yetu."

Wakaweka maunti ngumu. Sasa gari zima linatetemeka, kioo cha pembeni huoni mtu unaona ukungu. Springi za mbele zikalala kwa uzito, usukani ukawa wa wanaume wawili. Kisha kwenye korongo lenye mchanga, gia ya kwanza, nimebeba magunia, nikasikia tah! Gia inaingia, injini inanguruma, gari limesimama kama jiwe. Hafu shafti ya nyuma, ile ya meno kumi, imekatika. Nikaingiza 4x4 nikarudi nyumbani navutwa na magurudumu ya mbele. Nikabadilisha, ikakatika ya upande wa pili. Halafu gia ya pili ikaanza kuruka. Injini ya mwanzo ilikuwa inasukuma kama Nm 163, hii ni 285. Vyuma vyote nyuma yake vilikuwa vya ile ndogo. Na breki ni zilezile dramu.

Ukipiga hesabu, injini ilikuwa sehemu ndogo ya hela niliyotumia. Nililiuza kama chuma chakavu kwa mtu aliyetaka milango.

ChaliiWaSakina
Pole sana mkuu, lakini hiyo ni 1HZ. 3L ina farasi kama 90 tu, haivunji kitu. Usimtishe kijana.

SpanaKumiNaTatu
Haivunji, ila kuna hesabu nyingine hamjaigusa. Difu za Series ni 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa matairi 7.50-16, spidi 80 injini iko karibu mizunguko 2,900. Dizeli ya 3L hapo inapiga kelele, ukitaka 100 ni mateso. Watu wanatafuta difu za 3.54 za Discovery, zinaingia kwenye ekseli ya Rover. Kama nyuma ni Salisbury haziingii, lazima upate za Defender 110, na mbele na nyuma zilingane, la sivyo ukiingiza 4x4 gari linajipiga lenyewe. Ndiyo maana niliuliza ekseli.

Halafu breki. Kama ina servo, kile kisaidizi cha breki, petroli inavuta vakyumu kwenye manifoldi, dizeli haina. 3L ina pampu yake nyuma ya alteneta. Angalia usiuziwe injini iliyobadilishwa alteneta, utashuka Uru huna breki.

MundaModeli
Napita tu, mimi Land Rover zangu ni za kipimo cha 1/24. Revell wana Series III 109 ya kuunganisha, ekseli hadi ekseli ni milimita 115 tu, inakaa kwenye sahani ya chai. Ila kuna kitu cha mezani kinachofaa gereji. Kabla ya gundi tunapanga vipande vikavu tuone boneti inafunga. Fanya hivyo kwa kadibodi: pima injini na feni yake, sampu (karai la oili la chini), chujio la hewa, kata maboksi, yafunge kwa tepu, yaning'inize kwa kamba mahali pa injini. Funga boneti. Kisha nyanyua ekseli ya mbele kwa jeki uone inagusa wapi. Sampu ya Hiace haikutengenezwa ikijua kuna ekseli inapanda na kushuka chini yake.

DadaDizeli
Hii nimeipenda. Rangi za modeli unapata wapi Arusha?

MundaModeli
Ndogondogo naagiza kwa watu wanaotoka Nairobi. Praima nanunua ya magari, ya kopo, naichuja kwenye soksi ndefu ya kike. Pulizia nyepesi nyepesi, ukiweka nene inakula plastiki, milango inapinda.

ChaliiWaSakina
Tumetoka kwenye gari tumefika kwenye soksi.

KaraniMstaafu
Jambo moja hamjalisema. Kadi ina namba ya injini. Ukibadili, TRA wanatakiwa kubadili kumbukumbu na gari likaguliwe, kwa hiyo dai risiti na karatasi za injini unayonunua. Injini ya gari lililochinjwa usiku ni kesi. Na la pili: kadi iko kwa jina la nani? Kama ni marehemu, unahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndipo jina libadilike. Mjomba wako anaongea kama mjomba tu, au ndiye msimamizi?

MangiWaUru
Ndiye msimamizi.

SpanaKumiNaTatu
Haya sasa. Mada imeisha, kamwombe mjomba.

Kihamba4x4
Mjomba yuko sahihi. Kwenye lile tamasha la Land Rover Arusha la Oktoba 2024 niliziona zilizong'arishwa, ukifungua boneti unakutana na Toyota. Picha unapiga, roho inakuuma.

ChaliiWaSakina
Ila zilifika zenyewe, hazikuvutwa.

Kihamba4x4
Na za petroli zilifika zenyewe pia. Za mwaka 1960 na kitu. Usitukosee adabu.

MireraniExpress
Msigombane. Mangi, hujajibu itafanya kazi gani. Kama ni Krismasi na mazishi, petroli inatosha kabisa. Kama ni ndizi kwenda sokoni kila siku, hapo tuongee dizeli.

MangiWaUru
Wakuu nimerudi kutoka Uru. Nyuma ni Salisbury, nimeona kifuniko. Kompresheni tumepima tena kama mzee alivyoelekeza: ya kwanza na ya nne ziko vizuri, ya pili na ya tatu ziko chini. Tumeweka oili, hazikupanda. Fundi bado anasema 3L. Kazi yake ni nyumbani, na ndizi mara mojamoja. Huyu wa 200Tdi naye anapiga simu anasema kuna mteja mwingine.

DadaDizeli
Huyo mteja mwingine yupo siku zote kaka. Mwambie aiwashe ikiwa baridi, wewe ukiwepo, na ushike bomba la maji la juu uone kama linavimba.

MzeeWaStesheni
Pili na tatu zimefuatana. Fungua hedi. Usinunue kitu kabla ya kufungua hedi. Ukiitoa, tazama gasketi kwenye ule ukuta mwembamba kati ya hizo mbili, kisha uweke rula kwenye hedi uone kama imepinda. Weka picha hapa.

Lango_la_Himo
Mangi kama unabadili injini, hiyo kabureta ni Zenith? Naihitaji, weka bei.

Kihamba4x4
Nilishamwomba inboksi, panga foleni.

MangiWaUru
Jamani, injini bado sijaitoa.

Lango_la_Himo
Sawa, ila ukiitoa nikumbuke. Na hendeli pia.