Serikali ikisema inasapoti jamii asilia, inamaanisha nini hasa?

Wadau, salaam. Kila nikisikia serikali inasema inaziunga mkono jamii asilia najiuliza sapoti gani hiyo, maana mara nyingi ni ya ngoma na shanga kwenye sherehe za kitaifa, ikifika kwenye ardhi tu kila mkubwa anageuka wakili.

Chukua Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, jamii ya wawindaji na warina asali. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 wahame. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda, mahakama ikasema wazi wao sio walioharibu msitu, walioharibu ni wavamizi wengine na serikali yenyewe kuumega kugawa makazi na kutoa vibali vya kukata miti hovyo. Na inaingia akilini jamani, mtu anapanda juu kutundika mzinga wa gogo asubiri nyuki waingie, mti huohuo aukate wa nini? Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia, jumla shilingi za Kenya milioni 157.85, na hapohapo serikali ikaamriwa iwape hati ya ardhi ya pamoja. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa kule Sasimwani, Narok. Mahakama ya Arusha haina polisi, ndo shida.

Mpita Njia: Mkuu unaongea kwa uchungu ila tuwe wakweli, Afrika nani sio mzawa? Leo huyu umempa kujiamulia, kesho kila kabila linataka kanchi kake. Halafu Mau ni chanzo cha mito, maji yale wanakunywa watu wengi sana, huwezi kuachia jamii moja.

Mleta mada: Hilo la maji nakupa, ni hoja nzito. Ila hao wanaolinda hayo maji kwa niaba yetu ndo walewale waliotoa vibali vya mbao, sasa hapo nani wa kuogopwa? La uzawa unalikosea kidogo, hapa hatubishani nani alifika wa kwanza, tunaongelea watu ambao maisha yao yote yameshikwa na ardhi ile na serikali zimewaruka miaka yote. Na kanchi hakapo. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za jamii asilia, ibara ya 4, linasema wana haki ya kujiendeshea mambo yao ya ndani, na ibara ya 46 inakataza kulitumia kuvunja nchi. Nchi 144 zilikubali, 4 zikakataa, Kenya ikawa kati ya 11 ambazo hazikusema ndiyo wala hapana.

Mpita Njia: Sawa, ila wakipewa hati halafu wakawauzia matajiri?

Mleta mada: Ndo maana mahakama ikasema hati ya pamoja, mtu mmoja hawezi kujiuzia kipande usiku. Ibara ya 63 ya katiba ya Kenya inazitaja kabisa ardhi za jadi za jamii za wawindaji, kwa hiyo sio kwamba sheria haipo. Hati yenyewe ndo sijaiona.