FST kubwa baina ya ng'ombe wa Unguja na Pemba: uteuzi au bahati ya visiwa?

Konde_Mfugaji
Assalaam alaykum wataalamu. Nina data za ng'ombe wa kienyeji wenye nundu: 40 wa Unguja kusini, Kitogani hadi Makunduchi, na 38 wa Pemba, Wete na Micheweni. Chipu ya kusoma DNA ni ile ya SNP 50,000 hivi (SNP ni nukta moja ya DNA inayotafautiana baina ya wanyama). Nimekokotoa FST, kipimo cha tafauti ya kijenetiki baina ya makundi, kwa kila SNP, nikachukua asilimia 1 ya juu. Humo mna jeni kadhaa za kinga. Hoja yangu: Unguja ilikuwa na mbung'o, Pemba haikuwa nao, basi hizi ni alama za uteuzi wa asili wa kuhimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Msimamizi hakubali. Kasoro iko wapi, na data hizi zinaweza kunifikisha wapi kabla sijaomba pesa za kusoma jenomu nzima (DNA yote)?

Nundu
Waalaykumu salaam. Asilimia 1 ya juu haikosekani. Kwenye SNP 50,000 utapata 500 hata kama hakuna uteuzi wowote. Kisiwani ndiyo mbaya zaidi: waanzilishi wachache, dume moja linapanda kijiji kizima, aleli (matoleo ya jeni au SNP) zinapanda na kushuka kwa bahati, na FST inavimba jenomu nzima.

Halafu FST ya makundi mawili haikwambii nani kabadilika. Tia kundi la tatu, zebu wa bara, na data za chipu hiyo hiyo zilizo wazi zipo. Geuza kila FST kuwa T = −ln(1−FST), kisha PBS ya Unguja, yaani kipimo cha mabadiliko ya kundi hilo peke yake, ni (T ya Unguja na Pemba + T ya Unguja na bara − T ya Pemba na bara) ÷ 2. Kilele kikibaki upande wa Unguja peke yake, hapo una la kusema. Kikihamia Pemba, nadharia ya mbung'o imekwisha.

Wazo lenyewe si baya. Mbung'o wa Unguja, *Glossina austeni*, walimalizwa kwa kuachia madume yaliyotiwa mionzi. Wa mwisho alinaswa 1996. Ukihesabu kizazi cha ng'ombe kwa miaka mitano hivi, ni vizazi vitano au sita tu, havitoshi kufuta alama ya zamani. Ila kupe na ndigana kali vipo visiwa vyote viwili, kwa hiyo "jeni ya kinga" haimaanishi nagana. Na ikiwa kilele chako kiko kromosomu 23, kwenye BoLA (fungu la jeni za kinga za ng'ombe), tulia kwanza: eneo lile lina aleli nyingi mno kwa kawaida yake.

Mchujo
Kabla ya PBS, safisha. Naona watu wanakurupuka hapa.

Ndugu na ndugu: amri `plink2 --king-cutoff 0.0884` huondoa jamaa wa daraja la pili na wa karibu zaidi. Kwa ng'ombe wa kijiji usishangae 40 wakabaki 28.

Machotara: weka sampuli za Friziani kwenye PCA na ADMIXTURE, mbinu za kuonyesha asili ya kila ng'ombe. Mzawa mmoja wa mbegu ya chupa huleta vipande virefu vya kromosomu visivyokatika, na programu ya haplotaipu (aleli zinazorithiwa pamoja kwenye kromosomu moja) itavisoma kama uteuzi mpya. Mtoe.

MAF (masafa ya aleli iliyo chache) uichuje kwa data zote pamoja, usichuje kisiwa kimoja kimoja. Ukichuja kwa kisiwa unatupa SNP zilizokwisha kufikia asilimia 100 upande mmoja, nazo ndizo khasa unazozitafuta. HWE (kipimo cha urari wa Hardy-Weinberg) ni kinyume chake: kila kisiwa peke yake, kwa 1e-6, maana ukichanganya, tafauti ya visiwa yenyewe inaonekana kama hitilafu. Kupunguza SNP zinazofuatana ni kwa PCA tu. Kromosomu X ichambue peke yake. Dume lina nakala moja, na FST ya X huwa juu bila sababu nyengine.

Konde_Mfugaji
Ahsanteni. Vipimo vyengine vya uteuzi je: iHS, ya urefu wa haplotaipu, na Tajima's D, ya aleli adimu?

Nundu
Tajima's D kwa chipu, sahau. SNP zile zilichaguliwa kwa sehemu kubwa kutoka ng'ombe wa Ulaya, zenye aleli za kawaida, kwa hiyo hesabu ya aleli adimu imeharibika tangu kiwandani. iHS inataka ujue aleli ya asili, na inaona uteuzi ulio njiani tu. Kwako XP-EHH, inayolinganisha haplotaipu za makundi mawili, ni bora: panga haplotaipu kwa programu ya Beagle, visiwa vyote pamoja, kisha ikokotoe kwa selscan. Tafuta fungu la SNP jirani zinazopanda pamoja. SNP moja iliyochomoza peke yake mara nyingi ni kosa la usomaji. Nafasi baina ya SNP ni kama kb 50 (herufi 50,000 za DNA), basi uteuzi wa kale sana hutauona.

Kizingiti kipate kwa kuigiza historia ya visiwa kwa programu ya msprime bila uteuzi, ukirudia mara 1,000.

Mchujo
Kwenye ombi la pesa, andika ng'ombe 15 kila kisiwa kwa kina cha 10x, yaani kila sehemu ya DNA isomwe mara 10 kwa wastani. Kwa 2x, programu ya ANGSD itakupa masafa ya aleli, lakini haplotaipu za kuaminika hupati. Damu iwe kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia kuganda), kifuniko cha zambarau. Heparini inazuia PCR (kunakili DNA maabara) na maabara itakurudishia.